Kulipia macho au kulipia mibofyo?

Leo tuongee pesa. Miaka kadhaa iliyopita niliunda programu ndogo ya kuwekea hesabu za duka, nikaenda kuitangaza kwenye mtandao mmoja wa kijamii nisioutaja. Nikaulizwa: utalipa shilingi 60 tangazo likionyeshwa mara 1,000, au shilingi 20 kila likibofywa? Mimi huyo, mbio, nikachagua maonyesho. Shilingi 3,000 zangu zilinunua maonyesho 50,000, nikapata mibofyo 40. Piga hesabu: kila mbofyo shilingi 75! Kwa njia ile nyingine, pesa hiyo hiyo ilikuwa bei ya mibofyo 150.

Ubishi huu ni wa zamani. Bango la AT&T lililotundikwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994 liliuzwa kama nafasi ya gazeti: unalipia muda, basi. Kisha ikazoeleka kulipia kila maonyesho 1,000, desturi iliyorithiwa kutoka vyombo vya habari vya zamani. Mwaka 1996 Procter & Gamble, wale wa sabuni, wakaibana Yahoo! mpaka ikakubali kulipwa kwa mibofyo tu. Wenye tovuti wengine walinung'unika, na mimi nawaelewa. Tangazo likiwa bovu, kwa nini mwenye ukurasa ndiye ale hasara?

Mwaka 1998 GoTo ya Bill Gross ikaanza kunadi mibofyo, mwenye bei kubwa anakaa juu. Google nayo ilianza AdWords Oktoba 2000 kwa kutoza maonyesho, kisha Februari 2002 ikahamia mibofyo, lakini kwa ujanja ambao sisi waandika programu tunauonea wivu: bei yako inazidishwa kwa kiwango unachobofywa. Anayetoa shilingi 20 na kubofywa mara 5 kwa 1,000 analeta 100. Anayetoa 40 na kubofywa mara 1 analeta 40 tu, kwa hiyo anashuka chini. Facebook ilipofungua matangazo yake Novemba 2007, mchuuzi wa kawaida naye akapewa chaguo zote mbili.

Mpaka wake ni rahisi. Gawanya 60 kwa 20, unapata 3. Ukibofywa zaidi ya mara 3 kwa kila 1,000, lipia maonyesho. Chini ya hapo, lipia mibofyo. Mimi nilikuwa na 0.8 (aibu tupu).

Nikarudi, nikachagua mibofyo. Siku tatu tangazo halikuonekana kabisa! Kumbe mashine nayo ilipiga hesabu: 0.8 mara 20 ni shilingi 16, na jirani yangu analipa 60 kwa nafasi ile ile. Nani atamwacha yeye aniweke mimi?

Nikaondoa picha ya programu yangu, ambayo mimi peke yangu niliiona nzuri, nikaweka picha ya daftari la madeni lililochakaa juu ya kaunta. Mibofyo ikapanda hadi 4 kwa 1,000. Hapo ndipo niliporudi kwenye maonyesho, nikawa nalipa shilingi 15 kwa mbofyo.