Taka za Njiani ni za Nani?



Pita asubuhi katika mitaa yetu ya pwani utaona jambo la kustaajabisha. Mwenye nyumba hufagia ukumbi, akafagia na baraza mpaka ikang'ara, kisha taka zile akazisukuma kichochoroni. Ukimuuliza atakwambia: "Njia si yangu, ni ya serikali." Nao wakubwa wa mji, wakiulizwa, husema kuwa watu hawana adabu. Baina ya kauli mbili hizo, taka zabaki pale pale. Basi tujue kwamba suala hili si jipya. Waliotutangulia walikutana nalo, wakalijibu.

Mji wa Baghdad uliasisiwa na Khalifa Abu Jaafar al-Mansur mwaka 145 Hijria (762), ukakua hata ukawa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani. Mji wa namna hiyo una masoko, wachinjaji, wanyama wa mizigo na nyumba zisizo na idadi, na kila kimoja kina uchafu wake. Kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu hadharani alipewa mtu maalumu, muhtasib. Wengi hudhani kuwa alikagua mizani na vipimo tu, lakini njia pia zilikuwa chini ya jicho lake.

Kadhi al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria (1058), aliandika mlango mzima juu ya kazi hiyo katika Al-Ahkam as-Sultaniyya. Humo aliweka mpaka: muhtasib hushughulikia yaliyo dhahiri, wala hana ruhusa ya kupeleleza yaliyositirika. Tazama hekima yake. Nyumba yako ni sitara yako, lakini uchafu ukishavuka kizingiti umekuwa jambo la watu wote.

Baada yake alikuja Imam al-Ghazali, aliyesomesha katika madrasa ya Nidhamiya mjini humo tangu mwaka 484 (1091), akafariki mwaka 505 (1111). Katika Ihya Ulum ad-Din aliyataja maovu ya misikitini na ya masokoni, kisha akayataja na ya njiani: kutupa takataka barabarani, kutawanya maganda ya matikiti, kumwaga maji hata ikachelewa watu kuteleza, na mchinjaji kuchinja mlangoni mwa duka lake, damu ikachafua njia. Yote hayo aliyahesabu kuwa ni munkari.

Kisha akatoa hukumu ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Uchafu ambao mwenyewe ajulikana, kama maji yaliyokusanyika kutoka katika mlizamu wa dari ya mtu fulani, ni juu yake mwenyewe kuuondoa. Lakini tope la mvua, ambalo halina mwenyewe, ni juu ya watu wote, na watawala wawahimize kulisafisha. Hakumwachia mtawala peke yake, wala hakumwachia raia peke yake.

Katika karne ya 6 Hijria, huko Sham, ash-Shayzari aliwaandikia wahtasib mwongozo wa kazi. Wenye maduka waamrishwe kufagia soko lao. Na mwenye mfereji wa maji machafu utokao nyumbani kwake kwenda njiani, auzibe wakati wa joto, achimbe shimo ndani ya nyumba yake. Nasi tukienda Gedi, karibu na Malindi, mji uliohamwa katika karne ya 17, twaona katika magofu ya nyumba za mawe vyoo vya shimo ndani kwa ndani. Hatusemi kuwa wazee wale walikisoma kitabu hicho. Twasema kuwa uchafu wao hawakumsukumia jirani.

Ndugu yangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa njiani chenye kuwaudhi watu ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kuondoa ni imani, kutupa tukuite nini? Sheria za mji zipo, na faini zipo, lakini askari hawezi kusimama katika kila kichochoro. Masika yakija na mfereji ukiziba, maji hayaulizi ni nani aliyetupa. Huingia kwa mwema na kwa mkosa pamoja.

Basi kesho asubuhi, ufagio ukifika mwisho wa baraza, usisukume. Zoa, uzipeleke jaani. Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na njia zetu. Amin.