Chavua Isiyosafiri: Maharage ya Gisenyi na Ushahidi wa Historia

Insha hii ilianza na swali la mwenzangu darasani: kama tope la ziwani huhifadhi chavua kwa maelfu ya miaka, kwa nini tusichimbe kando ya Ziwa Kivu tujue maharage yalifika Gisenyi lini? Swali ni zuri. Ugumu wake umo ndani ya ua lenyewe.

Mimea ya jamii ya kunde haifanani kwa chavua. Punje za migunga ya Akagera hushikamana, kwa kawaida 16 pamoja. Za kaliandra, tunayoipanda kwenye matuta na kuikata vijiti vya kuegemeza maharage, hushikamana nane nane. Umuko, mti wa maua mekundu ambao masimulizi ya wazee huuhusisha na kifo cha Ryangombe, una punje mojamoja, na ndege kama chozi huzibeba. Mharage nao una punje mojamoja, ila ua lake mara nyingi hujichavusha kabla halijafunguka. Chavua hiyo haipeperuki, na ni nadra ifike ziwani. Ndiyo maana uchunguzi wa tope, kama ule wa D. A. Livingstone wa milima ya Ruwenzori uliochapishwa mwaka 1967, hutueleza zaidi habari za misitu na nyasi kuliko za chungu cha maharage.

Basi mwanahistoria atafute kwingine. Asili ya maharage haya ni bara la Amerika, kwa hiyo hayakufika kwetu kabla ya safari za Wareno za karne ya 15 na 16. Baada ya hapo, shahidi ninayemwamini zaidi ni mbegu. Kwa kuwa ua hujichavusha, mtoto hufanana na mama: mkulima wa Rubavu hupanda aina kumi katika shamba moja, akavuna, na kila aina ikabaki ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa ISAR na CIAT waliwaita wanawake wakulima kuchagua aina kwenye mashamba ya majaribio huko Rubona. Kwa maoni yangu, walikuwa wamewaita watunza nyaraka.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalitokea wakati maharage yako shambani, na mwezi Julai umati wa watu ukavuka kutoka Gisenyi kwenda Goma. Ilihofiwa kwamba mbegu zimepotea. Vituo vya utafiti vya kimataifa vilianzisha mpango wa Seeds of Hope ili kuzalisha upya aina za Rwanda. Lakini wakulima walipoulizwa, ilionekana aina nyingi bado zipo: zilivunwa, zilinunuliwa sokoni, zilitoka kwa jirani. Jambo hili si la kufurahia haraka, kwani mashamba mengine yalivunwa na watu wasioyapanda. Mbegu ilibaki ileile, mwenyewe hakuwapo.

Nilimwomba nyanya yangu anitengee mchanganyiko wake kwenye ungo. Alitenga mafungu manane na kuyataja majina saba. La nane hakulikumbuka jina, ila alimkumbuka aliyempa.