Pikapu ya dizeli ikimisi: pima silinda kabla ya kununua nozeli

KABAZANA, Uganda – Pikapu inayobeba mahindi na maharage kutoka Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda Mbarara ikianza kumisi, mwenye gari huweza kupoteza fedha nyingi akibadili nozeli zote bila kupima.

Kwanza, toa maji kwenye filta ya dizeli na hewa kwenye mabomba. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli wakati injini ina moto ni dalili ya mafuta yasiyoungua. Ukiwa mweusi, kagua pia filta ya hewa.

Kwa injini za zamani kama Toyota 3L, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa. Mlio usipobadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Kisha nozeli yake huhamishiwa silinda nyingine: kasoro ikihama nayo, nozeli ni mbovu, ikibaki, pima kompresheni.

Onyo: usilegeze mabomba ya injini za komoni reli, kama D-4D za Hilux. Presha yake inaweza kuzidi baa 1,000 na kupenyeza dizeli mwilini. Hizo hupimwa kwa kompyuta.

Anayefika Mbarara akiijua silinda mbovu hutengeneza nozeli moja, si nne.