Gede na Masharti ya Njia

Kabla ya kuonyesha njia, mfumo wa ramani uliomo ndani ya gari humruhusu dereva kuweka masharti yake: epuka feri, epuka barabara za kulipia, epuka zisizo na lami, tafuta ya haraka au tafuta fupi. Wengi huyagusa mara moja wakayasahau. Historia ya Gede, kusini mwa Malindi, inatufundisha kuyatazama kwa makini zaidi, kwa kuwa pwani hii imewahi kuwa na mji mzima uliopitwa kwa sababu ya masharti ya wasafiri. Gede ulikuwa mji wa mawe uliozungushiwa kuta, wenye jumba la kifalme, misikiti kadhaa na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alikuta vyombo vya kauri kutoka China. Lakini Wareno, waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 na kukaa huko kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, hawakuacha maelezo ya wazi kuhusu mji huo, nao ulikuwa mwendo wa siku moja tu kwa miguu.

Sababu, naona, ni aina ya safari yao. Da Gama alitaka bandari, maji, chakula na rubani. Aliondoka Malindi mwezi Aprili, kusi ikianza kushika, na kufikia Mei alikuwa Calicut, India. Katika hesabu hiyo, mji uliojitenga na ufuo haukuwa na mahali. Atakayepinga atasema huenda waliutaja kwa jina jingine, na kweli wapo wanaoamini uliitwa Kilimani. Hata tukikubali, jina kwenye ramani si ziara. Nyumba na watu wake bado hawasimuliwi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Gede nao uliishi kwa bahari, la sivyo kauri ya China ingefikaje? Ni kweli, ila bahari yake ilikuwa ya namna nyingine. Hori la Mida, lenye mikoko na maji yanayokupwa, linafaa vyombo vidogo vya wenyeji, si merikebu kubwa. Watu wa Gede na Wareno walitumia pwani moja, kila upande kwa masharti yake.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na mfalme wa Malindi akahamia huko. Hilo pekee halitoshi kueleza kwa nini Gede ulihamwa: kuna uvamizi kutoka bara, na kuna visima, ambavyo dalili zake ni kwamba maji yalizidi kushuka. Hata hivyo, bandari kuu ikihama, kilichobaki nyuma kilikuwa kwenye njia isiyo na haja kwa wenye merikebu.

Leo Gede iko kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kwenye njia panda ya Watamu, na hapo masharti yamebadilika tena. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, kuamuru "epuka feri" kungekuwa mzaha kwa dereva wa kawaida aliyetoka Mombasa, maana hori la Kilifi lilivukwa kwa pantoni. Upande wa kusini wa Mombasa, sharti hilo limepata maana kwa sababu kuna barabara ya Dongo Kundu inayokwepa feri ya Likoni. Na barabara ya Malindi hadi lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki, ilipokuwa ya murram, ilikuwa njia ya wazi kwa mwenye gari la juu. Lakini aliyeweka "epuka zisizo na lami" angerudishwa kusini, apande hadi Voi, azunguke mamia ya kilomita bila kuambiwa kwamba vijiji vya Kakoneni vipo.