Nasari za Dagoretti na Kibarua cha Mama

Dagoretti haikuwa Nairobi hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo ilikuwa ukingo wa wilaya ya Kiambu, ardhi ya mbari za Wakikuyu, na Riruta, Waithaka, Mutuini na Uthiru vilikuwa vitongoji vya wakulima. Jambo hili lina uzito kwa yeyote anayetaka kujua shule za nasari za sehemu hii zilitoka wapi. Akianza kutafuta mjini, atakuta nasari zilizofunguliwa miaka ya 1940 kwa ajili ya watoto wa Wazungu na wa Wahindi, zenye walimu na vifaa vya kuchezea. Mtoto wa Dagoretti hakukanyaga huko. Nasari yake ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa: mama yake alitolewa nyumbani akafanyishwe kazi. Asili hiyo haijafutika mpaka leo. Tangu siku ya kwanza nasari ya mtoto maskini imekuwa na kazi mbili, kumshika mtoto mama akiwa kibaruani na kumfungua akili, na kila wakubwa walipozitenganisha kazi hizo, hasara ilimwangukia mtoto.

Turudi mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari. Aprili, katika msako wa kikoloni ulioitwa Operesheni Anvil, wanaume Wakikuyu kwa maelfu walikamatwa Nairobi na kupelekwa vizuizini. Kuanzia Juni, serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na ulinzi. Kiambu haikusalimika. Mle vijijini waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto, na wanawake wenyewe walitolewa kwenda kuchimba mitaro, kulima matuta na kutengeneza barabara bila malipo. Mtoto wa miaka miwili aachwe na nani? Hapo ndipo vilipotokea vituo vya kuangalia watoto: bibi mmoja au wawili, kivuli, sufuria ya uji, na maziwa yaliyoletwa na Msalaba Mwekundu au na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya maendeleo ya jamii. Vituo vya namna hiyo vilikuwepo pia kwenye mashamba ya kahawa na chai, kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyevianzisha akiwa na nadharia ya ubongo wa mtoto. Nia ilikuwa mtoto asife njaa na kazi isisimame. Tusiupambe ukatili ule kwa kuuita mwanzo wa elimu. Hata hivyo tukumbuke kilichofanywa na wale bibi: katikati ya amri ya kutotoka nje, walikusanya watoto wa wenzao na kuwalisha kutoka sufuria moja.

Hali ya hatari ikaisha, kibarua kisiishe. Uunganishaji wa mashamba mwishoni mwa miaka ya 1950 uliwapa hati wenye ardhi, na wasio nayo wakabaki kwenye maeneo ya vijiji au wakawa wapangaji. Dagoretti ilipoingizwa katika jiji lenye eneo la kilomita za mraba karibu 690, wenye mashamba waligundua kwamba vyumba vya kupanga vina faida kuliko mahindi. Kawangware ikajaa ploti za mbao na mabati, na mama aliyewahi kulimishwa kwa lazima sasa akawa anashuka kwa miguu asubuhi kwenda Lavington na Kileleshwa kufua nguo za watu. Swali la mtoto likabaki pale pale. Kwa mwito wa Harambee wazazi wakajijibu wenyewe: ukumbi wa kanisa, chumba cha kukodi, mwalimu msichana aliyeishia darasa la saba, na shilingi chache za karo ambazo mara nyingi zilichelewa. Wizara ya Elimu haikuhusika; nasari zilihesabiwa kuwa jambo la ustawi wa jamii.

Badiliko kubwa lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoanza mradi wa shule za awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mradi huo ulidumu takriban miaka 10, na busara yake ilikuwa kuwachukua walimu wale wale walioajiriwa na wazazi na kuwafunza wakiwa kazini, badala ya kuwafukuza kwa kukosa vyeti. Walifundishwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya mtaani: vizibo vya soda vya kuhesabia, mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba, magari ya waya, hadithi na nyimbo za lugha za nyumbani. Mwaka 1980 nasari zikahamishiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya. Haya yalikuwa mafanikio ya kweli, na nchi nyingi za Afrika zilikuja Kenya kujifunza.

Lakini palipopatikana kitu palipotea kingine. Nasari ilipokuwa shule, ilianza kuhesabu umri kuanzia miaka mitatu au minne, ikafunga mlango saa sita mchana, na kuyapa kisogo maswali mawili ya zamani: mtoto wa mgongoni anaenda wapi, na nani anampa mtoto chakula? Wakati huo huo shule za msingi zenye jina zikawa zinawafanyia watoto wa miaka sita intavyuu ya kuingia darasa la kwanza, basi nasari ikageuka mahali pa kukariri. Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa bure, chekechea ikaachwa nje. Wazazi maskini walifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: kwa nini ulipie nasari wakati darasa la kwanza halina karo? Wengi wakawatoa watoto nasari, wakasubiri umri ufike au wakawapeleka msingi kabla ya wakati. Sera iliyokusudiwa kumsaidia maskini ikambomolea ngazi ya kwanza. Pengo la mtoto mchanga likazibwa na bebikea, chumba kimoja ndani ya ploti ambamo mama mmoja analea watoto wa majirani kwa malipo ya kila siku.

Utafiti unasemaje? Ule unaotajwa zaidi duniani ni wa Perry, mjini Ypsilanti, Marekani, ulioanza mwaka 1962 kwa watoto 123 wa familia maskini za Waafrika Wamarekani. Waliosomeshwa nasari walikuja kuwa na kazi nzuri zaidi na kukamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao ambao hawakusomeshwa. Wanaoutaja husahau kwamba walimu wake walizuru pia nyumba za watoto kila wiki. Unaotufaa zaidi sisi ni wa Kingston, Jamaika. Miaka ya 1980, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi walipewa lishe, baadhi walizuriwa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kuzungumza na kucheza na mwanawe kwa vifaa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye, wale waliozuriwa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuzuriwa. Lishe peke yake haikuacha alama iliyoonekana. Kwa hiyo uji wa mwaka 1954 uliokoa maisha, ila bila mazungumzo na mchezo haukutosha. Na vitabu bila uji, tunaweza kuongeza, ni kumfundisha mtoto anayesinzia.

Ushahidi wa nyumbani unaelekea huko huko. Nasari za Madrasa, zilizoanza Mombasa mwaka 1986 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, zilipimwa na watafiti akiwemo Peter Mwaura: watoto waliokwenda nasari yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na wa Madrasa, ambako jamii ndiyo mwenye shule, waliwashinda wote. Mradi wa Tayari, uliofanyika kati ya 2014 na 2018 katika kaunti nne ikiwemo Nairobi, ulionyesha kwamba mafunzo, vitabu na mkufunzi wa kumtembelea mwalimu darasani vinaboresha matokeo hata katika shule duni za mitaani. Korogocho, upande wa pili wa jiji, akina mama waliopewa vocha za kulipia malezi ya watoto walikuwa na uwezekano zaidi wa kuajiriwa, kwa pointi 8.5 za asilimia. Waliolea wenyewe bila mume hawakuongeza ajira, maana tayari walikuwa wakifanya kazi. Wao walipunguza saa bila kupunguza kipato.

Wapo watakaosema kwamba malezi ni ya nyanya, wala si ya serikali. Ningekubali kama nyanya angekuwa Kawangware. Yuko Vihiga au Murang'a, na chumba cha futi kumi kwa kumi hakimtoshi. Wengine, wenye hoja nzito zaidi, husema faida ya nasari huyeyuka mtoto akifika darasa la tatu. Ni kweli kwamba tafiti kadhaa za Marekani zimeona alama za mitihani zikisawazika. Ila kinachozisawazisha mara nyingi ni darasa lililojaa linalompokea, na kosa la darasa hilo haliwi sababu ya kufunga nasari. Kuhusu wazazi wanaodai kusoma na kuandika badala ya mchezo, tusiwadharau. Waliishi enzi za intavyuu, na wanajua mlango ulivyofungwa.

Serikali ikikaa kando, mzazi hujitafutia mwenyewe. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, jengo la madarasa lilianguka katika shule moja ya binafsi pale Ng'ando, Dagoretti Kusini, likaua watoto wasiopungua 7. Wazazi huchagua shule za namna hiyo kwa kuwa ziko karibu na humshika mtoto hadi jioni. Kuhusu chakula, mpango wa kaunti ya Nairobi uitwao Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, umerudisha chakula kwa shilingi 5 kwa sahani, na hilo ni jema kubwa, lakini unalenga shule za umma. Mtoto wa shule ya mabati na wa bebikea hawamo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, vyote katika kifungu kimoja. Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya malezi mwaka 2017. Bajeti ya kaunti ikisomwa, mkazi wa Dagoretti amuulize mwakilishi wake wa wadi jambo moja: bebikea za mtaa huu zimetengewa shilingi ngapi?