Kushindwa kupandisha toleo la mfumo katika mashine pepe

Kushindwa kupandisha toleo la mfumo katika mashine pepe ni hali inayotokea pale mfumo wa uendeshaji uliomo ndani ya mashine pepe unapohamishwa kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya, kisha kazi ikakwama njiani au mfumo ukakataa kuwaka. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na kiwiliwili chake: ni programu inayoigiza prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo ulio ndani huitwa mgeni.

Kwa hiyo kuna tabaka tatu: mwenyeji, programu ya mashine pepe na mgeni. Fundi huanza kwa kutafuta tatizo liko tabaka gani, kwa sababu mgeni anaweza kulalamika kuhusu diski yake wakati ugonjwa wenyewe uko kwa mwenyeji.

== Asili ==

Wazo la mashine pepe lilianza katika kompyuta kubwa za IBM miaka ya 1960. Katika kompyuta ndogo lilienezwa na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. VirtualBox, ambayo wanafunzi wengi huitumia kwa kuwa haina malipo, ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani Innotek. Ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na tangu 2010 iko chini ya Oracle.

== Visababishi ==

Kisababishi cha kawaida ni nafasi. Toleo jipya huhitaji nafasi ya faili zilizopakuliwa na ya faili zinazofunguliwa, huku faili za zamani zikiwa bado zipo. Diski pepe ya GB 20 iliyotosha miaka mitatu inaweza kujaa katikati ya kazi. Aina nyingi za diski pepe hukua kadiri zinavyotumika. Mgeni huona GB 50 wakati mwenyeji amebakiwa na GB 4 tu. Mwenyeji akijaa, VirtualBox huisimamisha mashine palepale. Kuikuza diski pepe peke yake hakutoshi, maana kizigeu na mfumo wa faili ulio ndani yake navyo lazima vikuzwe. Katika Linux kuna mtego mwingine, nao ni kizigeu cha /boot, ambacho mara nyingi ni kidogo na hujaa keneli za zamani.

Kisababishi cha pili ni masharti ya mfumo mpya. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, hutaka kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji wa UEFI na chipu ya usalama TPM 2.0. VirtualBox haikuwa na TPM pepe hadi toleo la 7.0 la Oktoba 2022, hivyo wengi walioshindwa kabla ya hapo walihitaji tu kusasisha VirtualBox yenyewe. Lakini kubadili mashine ya zamani kutoka BIOS kwenda UEFI kwa kubofya kisanduku kimoja huifanya isiwake kabisa. Mpangilio wa diski hugeuzwa kwanza, na Windows ina zana ya kazi hiyo iitwayo MBR2GPT. Jambo hili lilipata uzito baada ya msaada wa kawaida wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wakati mwingine kosa ni la watengenezaji. Ubuntu (neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana ya "utu") ilisitisha kwa muda, Septemba 2024, njia ya kutoka toleo 22.04 kwenda 24.04 kwa sababu ya hitilafu katika programu ya kupandisha toleo. Aliyesubiri wiki chache aliepuka usumbufu.

== Umeme na mtandao ==

Vitabu vingi vya kigeni huligusa suala hili kwa mstari mmoja. Kwa mtumiaji wa Mbezi Luis au Temeke ni suala kubwa. Tanzania ilipitia mgao wa umeme kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024, wakati mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom iliyumbisha intaneti nchini na katika nchi jirani.

Madhara ya matukio haya mawili hayalingani. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua, kwa kawaida hasara ni bando na muda. Mfumo wa zamani bado ni mzima. Umeme ukikatika wakati wa kusakinisha, mgeni anabaki nusu mpya na nusu wa zamani, na hali hiyo ndiyo ngumu kuitibu. Hapa mashine pepe ina faida ambayo kompyuta halisi haina kwa urahisi huo: UPS ikianza kulia, au betri ya kompyuta mpakato ikishuka, hali yote ya mashine inaweza kuhifadhiwa diskini kwa amri ya kuhifadhi hali, kisha umeme ukirudi usakinishaji ukaendelea pale ulipoishia. Usiizime kwa nguvu ikiwa dakika mbili za betri zimebaki.

== Utatuzi ==

Kabla ya kurekebisha chochote, mashine huzimwa na faili ya diski pepe hunakiliwa mahali pengine. Jaribio la ukarabati likiharibu zaidi, kuna pa kurudia.

Hatua inayofuata ni kuona mashine inakwama wapi. Ikiishia kwenye skrini nyeusi baada ya kuwaka, mara nyingi mfumo ni mzima ila viendeshi vya Guest Additions havilingani na keneli mpya. Kuwasha kwa keneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB, kisha kusakinisha Guest Additions upya, hutosha. Keneli ikilalamika kwamba haioni mfumo wa faili wa mzizi, /boot ichunguzwe: huenda ilijaa kabla ya faili ya kuwashia kuandikwa yote. Ubuntu iliyokatika katikati hutibiwa kwa amri `dpkg --configure -a`, ikifuatiwa na `apt --fix-broken install`. Kumbukumbu za kazi nzima ziko katika /var/log/dist-upgrade. Windows ikirudi yenyewe kwenye toleo la zamani na kutoa namba inayoanza na 0xC1900101, kiendeshi cha kifaa fulani ndicho kinachoshukiwa kwanza. Kuondoa vifaa pepe visivyohitajika, kama kadi ya sauti na USB, husaidia.

== Picha ya hali na data ==

Programu za mashine pepe huweza kupiga picha ya hali, yaani kuweka alama ambayo mashine inaweza kurudishwa. Ikipigwa kabla ya kupandisha toleo, kushindwa hufutika kwa dakika chache. Lakini kurudi nyuma hufuta pia kila kilichoandikwa baadaye. Duka la vipuri karibu na Stendi ya Magufuli lililopandisha toleo Jumamosi na kugundua kasoro Jumatano litapoteza mauzo ya siku hizo yaliyoingizwa ndani ya mashine, yasipotolewa kwanza. Tena picha ya hali huitegemea diski ileile ya mwenyeji. Diski hiyo ikifa, vyote hufa pamoja.

Mgeni asipopona, data zake bado zinaweza kupatikana. Diski pepe huunganishwa kama diski ya pili kwenye mashine pepe nyingine iliyo nzima, na faili zikanakiliwa kutoka huko, isipokuwa kama diski imefungwa kwa usimbaji na ufunguo haupo. Baada ya hapo kusakinisha toleo jipya kwenye mashine mpya mara nyingi huchukua muda mfupi kuliko kuendelea kuikarabati ile ya zamani.