Maumivu ya kifua: Mgonjwa asiachwe kwenye foleni

SI kila maumivu ya kifua hutokana na moyo. Hata hivyo, mtu mzima anayefika hospitalini akilalamikia kifua hapaswi kusubiri foleni. Miongozo ya kitabibu huelekeza kuwa ndani ya dakika 10 apimwe ECG, kipimo kinachoonyesha mwenendo wa umeme wa moyo.

Daktari wa dharura huanza na maradhi yanayoua haraka: shambulio la moyo, damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu, na hewa inayojaa kifuani na kulibana pafu. Nimonia, vidonda vya tumbo na maumivu ya misuli hufikiriwa baadaye.

Mgonjwa huulizwa maumivu yalianza saa ngapi, kama yanasambaa hadi mkononi, shingoni au tayani, na kama anatokwa jasho au kukosa pumzi. Wazee, wanawake na wenye kisukari huweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali.

ECG ya kwanza kuwa ya kawaida si ruhusa ya kwenda nyumbani. Kipimo hicho hurudiwa, na damu huchunguzwa kiwango cha troponini, protini inayoongezeka misuli ya moyo inapodhurika. Nacho hurudiwa baada ya saa chache, kwa kuwa mwanzoni huenda kiwango hakijapanda.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya kisasa ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Zote zipo Dar es Salaam.

Kwa mkazi wa Mpitimbi, Songea Vijijini, huko ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo hufaa zaidi zikitolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Hivyo, uchunguzi wa hospitali ya karibu ndio unaoweza kumwokoa, si safari ya Dar es Salaam.

Mwenye maumivu ya kubana kifua yanayozidi dakika chache awahi hospitalini, asijitibu kwa dawa za tumbo, na aeleze tangu mapokezi kuwa anaumwa kifua.